Nyumba ya Mamako Kule Tseikuru

Matinyani,
Jumamosi jioni

Mwaitu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua, Ndinda, mama yangu mdogo: uko chumba cha pili, unafunga sanduku na kulifungua tena, na kila ukilifungua nasikia zipu. Kwa hivyo acha niruke salamu. Mambo ya nguo za baridi, ya kutunza pasipoti na ya kutafuta kanisa huko Ujerumani, shangazi zako wameyasema yote, mengine wameyarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu tumzike mamako.

Nitaanzia kwa maneno yako mwenyewe. Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani tukawa tunakula muthokoi sisi wawili tu, nilikuambia kwamba chumba chako kitabaki vile kilivyo. Ukaweka kijiko chini. "Baba, hii nyumba ni gofu," ukasema. "Ni vile tu bado iko na mabati." Kisha ukainuka ukaosha vyombo. Hukusema kwa hasira, na ndiyo maana neno hilo liliingia ndani sana. Nilienda kwenye banda langu la rangi nikakaa, nimeshika brashi kavu, mpaka nikasikia umefunga kuku.

Neno gofu umelitoa kwangu. Umekua ukiona magofu kwenye picha zangu, na watu wakija kununua ni wewe uliyekuwa ukizishika zisianguke na upepo. Lakini hakuna siku nilikueleza yalitoka wapi, na kuna moja kati yao ambalo hujui habari zake zote.

Nilianza kuchora magofu kabla sijaona hata moja. Shuleni kwetu Kasikeu tulikuwa na mwalimu wa sanaa, Mwalimu Kilonzo, mtu mwembamba ambaye nadhani alipiga pasi hata soksi. Alikuwa na kalenda aliyopewa na mgeni fulani wa kanisa. Miezi yake ilikuwa imepita zamani, ila hakuitupa kwa ajili ya picha. Kila picha ilikuwa mandhari ya Ulaya ya kale: vilima, mto, anga kubwa, na mahali fulani ndani yake jengo la mawe lililovunjika. Nguzo zimesimama na hakuna kitu zimebeba. Upinde wa mlango, na nyuma yake hakuna nyumba. Mti umeota juu ya ukuta. Na chini kabisa, wadogo kama siafu, mchungaji na ng'ombe wake wamepumzika kivulini, hawana habari.

Sisi tulikuwa watoto wa mashamba ya mahindi na kunde. Tulimwuliza, mtu anayejua kuchora hivyo, kwa nini asichore nyumba nzima? Mwalimu akacheka. Alituambia wachoraji hao waliishi katikati ya mabaki ya wafalme waliosahaulika, na walipotaka kuonyesha wakati, ambao hauna umbo wala rangi, walichora jengo lililoanguka. "Mwingine alikuwa anamwambia tajiri, hata wewe utaisha," akasema. "Mwingine alikuwa anasikitika tu. Na mwingine alikuwa anasema, angalia, nyasi bado inaota. Lakini tazameni huyu mchungaji. Mfunikeni na kidole." Tukapanga foleni, kila mmoja akamfunika mchungaji kwa kidole, na mara mawe yale hayakuwa makubwa wala madogo, hayakuwa ya mtu. "Mmeona? Ni mtu anafanya gofu liwe gofu. Bila yeye ni mawe."

Ningekuwa na akili, ningebeba maneno hayo. Nilibeba mtindo. Nilipokuja Kitui kutafuta kazi ya kuandika mabango ya vinyozi na maduka ya dawa, jioni nilichora mandhari, na Mama Wairimu, yule mama kutoka Murang'a aliyekuwa na duka kando ya barabara ya Mombasa, alikubali kuniuzia picha hizo. Alinifundisha biashara kwa sentensi moja. "Weka hizo nyumba za kuvunjika," aliniambia. "Watu wa safari wanapenda. Ukichora shamba tu, mtu anasema hata kwetu kuna shamba." Basi nikaweka. Niliweka nguzo za Ulaya chini ya jiwe la Nzambani. Niliweka upinde wa kanisa kando ya mto Athi, mahali ambapo hakujawahi kujengwa hata kibanda. Ziliuzwa. Mamako alikuwa akisimama mlangoni mwa banda, amejifunga leso, anatazama na kucheka.

"Baba Ndinda, hawa watu wa nguzo walikuwa Wakamba wa wapi?"

"Ni wa kuuza," namjibu.

"Haya. Wasalimie."

Miaka yote hiyo aliyonicheka, sikufikiri kwamba yeye ndiye peke yake nyumbani mwetu aliyetoka kwenye gofu la kweli. Hakupenda kuongea habari za Tseikuru. Wewe unajua kile kidogo alichokuambia: kwamba babu yako mzaa mama alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, kwamba alijenga nyumba ya mawe wakati majirani wote walikuwa na nyumba za udongo, na kwamba kiangazi kilipoua ng'ombe na kisima kikakauka, alihamisha watu wake wakaja huku Matinyani. Mamako alikuwa msichana wa kubeba mdogo wake mgongoni. Jambo ambalo labda hakukuambia ni kwamba walipohama waling'oa paa. Mabati yalikuwa mali. Yalipakiwa kwenye lori pamoja na vitanda, na nyumba wakaiacha hivyo, wazi juu, kama sufuria. Mzee alipojenga upya na kununua mabati mengine, yale ya zamani alimpa mamako. Ndiyo hayo yameezekwa jikoni kwetu. Ukiwa mtoto mchanga ulikuwa ukitambaa kufukuza vidoa vya jua sakafuni. Vidoa hivyo viliingia kwa matundu ya misumari iliyopigwa Tseikuru.

Sasa nakuja kwa mwaka ule, na naomba univumilie, kwa sababu mwandiko wangu utaharibika.

Ulikuwa kidato cha nne. Mamako alianza kwa kusema ugali unamkwama. Kisha maharagwe. Kisha hata ndizi. Tulienda hospitali Kitui, tukatumwa Nairobi, na Nairobi daktari kijana mwenye sauti ya upole akatueleza kwamba kitu kilichokuwa kooni kimeshaenda mahali ambapo hawawezi kukifuata. Tulipotoka nje mamako alikaa kwenye ukingo wa maua, akatengeneza kitambaa chake, na neno lake la kwanza lilikuwa wewe.

"Ndinda asijue mpaka amalize mtihani."

Nikamwambia, "Akija likizo ataona."

"Ataona nimekonda. Nitamwambia nafunga na kuomba kwa sababu ya mtihani wake."

Na ndivyo alivyofanya. Unakumbuka likizo ile? Alivaa sweta mbili juani. Ukamwuliza, "Mum, mbona huli?" akakuambia amefunga, na ukamwamini, kwa sababu ni nani asiyemjua mamako na maombi. Mimi nilikuwa pale pale, nasafisha brashi kwa thina. Uliniangalia. Nikaendelea kusafisha brashi ambayo ilikuwa imeshakuwa safi.

Uliporudi shule aliniambia anataka kwenda Tseikuru. Sio kwa jamaa, kwa nyumba. Nilimwambia barabara ni mbaya na jua ni kali. Akasema barabara hiyo alikuja nayo juu ya lori akiwa amekalia mabati ya moto, na hakufa. Nikakodi gari la probox, nikaweka mto kwenye kiti, uji kwenye thermos, na ubao wangu wa kuchorea nyuma, kwa sababu alisema nibebe.

Mwaitu, nimechora magofu maisha yangu yote na siku ile ndiyo niliona gofu. Lilikuwa peke yake kwenye uwanja wa mchanga mwekundu, miti ya miiba imelizunguka mbali kidogo, kama watu wanaoheshimu matanga. Kuta tatu zilikuwa zimesimama, zinafika kifuani. Wa nne ulikuwa umelala chini wote, mawe yametawanyika, na mbuzi walikuwa wamepita juu yake mpaka pakawa njia. Nikamshika mkono nimpitishe hapo, palikuwa rahisi. Akatoa mkono wake. Alizunguka polepole, akishika ukuta, mpaka mbele, mahali mlango ulipokuwa. Hakukuwa na mlango, wala fremu, wala kitu chochote juu. Alisimama akasema hodi. Halafu akainamisha kichwa, kwa sababu mlango ule ulikuwa mfupi na watoto wa nyumba ile walizoea kuinama, akaingia.

Mimi nilibaki nje. Sikuona kama ni haki niingie kwa ukuta.

Ndani alikuwa anaongea. Kwanza nilidhani ananiambia mimi. Alikuwa anataja: hapa mama analala, hapa sisi, hapa gunia la mtama, hapa ndoo ya maji na usiiguse. Mafiga bado yalikuwepo, matatu, meusi. Alikaa kwenye moja kama mtu anayengoja chakula kiive. Kisha akaniita, akaniambia, "Sasa chora."

Nilichora kwa mkaa pale pale, halafu tukarudi nyumbani na nikaanza kuweka rangi. Nilitaka kumpa kitu kizuri. Nilikuwa namwona usiku na mchana akipungua, na mikono yangu haikujua kazi nyingine isipokuwa hii. Nikamwezekea nyumba yake. Nilisimamisha ukuta wa nne, nikaweka mabati yanayong'aa, mlango wa bluu, moshi, mbuzi wanene, mamake amesimama nje na ungo. Nilijua kwamba ni picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Nilimbebea kitandani, nikaifunua.

Aliitazama. Sauti yake wakati huo ilikuwa imebaki ndogo, unakumbuka kwenye simu ulikuwa ukisema network ni mbaya.

"Hiyo mabati umeweka juu," akasema, "si ndiyo iko jikoni?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa itakuwa mahali mbili aje?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia nimechora hivyo ili afurahi. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, na Mungu anajua alikuwa hana nguvu za hasira.

"Nani alikuambia nilienda huko kuhuzunika? Nilienda kuona nyumba yetu, na niliiona. Iko. Watu walitoka, paa ikatoka, na bado mtu akipita anajua hapa kulikuwa na watu wanapika. Wewe umeijaza watu mpaka sisi tumepotea. Baba Ndinda, hata mimi nikienda utanichora nikiwa mnono?"

Nilitoka na picha. Nilikaa nayo bandani siku mbili sijaigusa, nimemkasirikia mgonjwa. Kisha nikachukua kisu cha kukwangua rangi nikaanza na mabati. Sijui kama unaweza kuelewa kazi hiyo. Kuna mahali rangi ilikuwa haijakauka na ilitoka kama ngozi. Nilitoa moshi, nikatoa mbuzi, nikamtoa bibi yako na ungo wake, nikaangusha ukuta. Mahali pa paa nikaweka anga, kazi niliyoifanya kando ya kitanda chake, na mamako aliponiona naiweka juu tu akanyoosha kidole: "Mpaka ndani. Ilikuwa imeingia ndani." Basi nikashusha anga mpaka kwenye mafiga. Kwa mara ya kwanza nilichora gofu bila kumfikiria mnunuzi, na nikaelewa kile ambacho Mwalimu Kilonzo alitaka tuone. Nilikuwa nimefikiri kwamba anayechora gofu anachora kilichoisha. Mamako alikuwa ananionyesha kilichobaki, na alitaka kibaki hivyo hivyo kilivyo, bila mtu kukivalisha nguo ya kukodi.

Picha ilipokaribia kuisha nilimwambia habari za mchungaji wa kwenye kalenda, kwamba gofu linahitaji mtu mdogo chini yake. Nikamwuliza, nikuweke wewe? Akakataa kwa kichwa. Akanyoosha mkono nimpe brashi. Alikuwa hajawahi kushika brashi yangu isipokuwa kuiosha. Nikamwekea rangi nyekundu aliyoionyesha, nikamshikia ubao kifuani. Aliweka doa moja, refu kidogo, mahali mlango ulipokuwa.

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Ni Ndinda na sweta ya shule. Amefika."

"Si yuko shule?"

"Kwa picha amefika," akasema, akafumba macho.

Wewe uliwahi kuniuliza kwa nini kwenye picha kuna ua jekundu pale Tseikuru pakavu. Nilikuambia ni rangi iliyodondoka. Nisamehe jibu hilo. Si ua, wala haikudondoka.

Alikufa ukiwa umebakisha karatasi moja ya mtihani. Mjomba wako alikungoja nje ya chumba cha mtihani mpaka ukamaliza, akakuleta, na njiani hakukuambia, kwa sababu tulikubaliana nikuambie mimi. Nilisimama getini tangu saa nne. Nilikuwa nimepanga maneno. Uliposhuka uliona tenti, viti vya plastiki na akina mama wa kanisa na masufuria, ukaniangalia usoni, ukaniuliza, "Baba, ni nani?" Maneno yote niliyopanga yakaisha. Ukangoja. Halafu ukanipita, ukaenda mbio jikoni kumtafuta mamako umwulize yeye.

Hilo ndilo ninaloliona kila siku, Mwaitu. Naona mgongo wako ukiingia jikoni.

Baada ya mazishi uliniuliza kwa nini hatukukuita. Nilisema mamako alikataa. Ukaniuliza, "Na wewe?" Nikaenda kuchota maji, nawe ukasomea uuguzi hapo mjini, ukafuzu, ukapata kazi, ukapata hii ya Ujerumani, na muda wote huo tumekuwa tukiulizana habari za maji na kuku. Leo nitakujibu. Niliogopa. Mamako alikuwa na kitu kimoja cha kungojea, nacho ni wewe umalize. Niliona kwamba siku nitakayokuita, atakuwa hana tena cha kungojea. Kila jioni nilichukua simu nikampigia mwalimu wako akilini, kisha nikairudisha mfukoni, na asubuhi mamako alikuwa bado hai, nikajiambia nimefanya vizuri. Paa nililokwangua kwenye picha, nilikuwa naendelea kuliezeka nyumbani. Yeye alikuwa mgonjwa, alikuwa na haki ya kuamua analotaka. Mimi nilikuwa mzima, ningeweza kumwambia, mwanao si mtoto tena, mwache aje akuone ulivyo. Angekubali. Nadhani angekubali. Hilo la nadhani ndilo nalala nalo.

Sikuandikii hivi ili uniambie si kitu. Ni kitu. Nataka tu ujue kwamba huko unakoenda, kwenye wodi za watu, utakutana na familia zinazowavalisha wagonjwa sweta mbili. Hutahitaji kufundishwa na mtu jinsi ya kuwatazama.

Mwezi uliopita, visa yako ilipotoka, niliondoka hapa asubuhi nikakuambia naenda Mwingi kuandika bango. Nilienda Tseikuru. Nilitaka kulitazama lile gofu kabla hujaondoka, labda nirudi nikuambie twende wote. Nilifika nikadhani nimepotea njia. Uwanja ulikuwa mtupu. Hakuna ukuta hata mmoja, hakuna mafiga, hakuna jiwe. Nilizunguka pale juani nikijaribu kukumbuka mlango ulikuwa upande gani.

Mama mmoja aliyekuwa akichunga aliniona akaja. Nikamweleza mimi ni nani. Akashika kiuno.

"Ile mawe? Tulichukua," akasema. "Tuliambiwa wenyewe hawarudi tena. Tulijengea tangi ya maji ya shule. Tulikosa?"

Mwaitu, nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimetoka mbali. Nilimwangalia, na viatu vyake vya tairi, na mbuzi zake, na nikamwambia hawakukosa.

"Kuja uone," akasema.

Akanipeleka. Tangi limejengwa juu ya jukwaa la mawe, nono, limepakwa simenti kwenye viungo. Watoto walikuwa wamepanga mitungi. Nilitazama mawe yale moja moja nikitafuta hata moja nilitambue, mimi niliyeyachora mpaka nikayajua kama meno yangu. Sikutambua hata moja. Yule mama aliniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki, nikanywa, nikamwambia ni matamu, naye akasema bado yana chumvi kidogo, lakini watazoea.

Niliporudi uliniuliza bango lilikuwa la nini. Nikasema ni la shule.

Kwa hivyo uliposema nyumba hii ni gofu, sikuona umenitukana. Labda ni kweli. Mtu akitoka na mwingine akitoka, kinachobaki ndicho hicho, na kesho jioni nitakuwa mimi na kuku. Ila wewe ulilisema kama jina la mahali ambapo hakuna kitu. Mimi sijawahi kuona gofu ambalo halina kitu. Hata lile la Tseikuru ambalo halipo, nilisimama ndani yake nikasita kukanyaga mahali bibi yako alipolala.

Nilikuwa nimepanga kukupa ile picha. Juzi niliitoa ukutani, nikaifunga kwa blanketi, nikaipima kwenye sanduku lako ulipokuwa umeenda kuaga shangazi, na ilikuwa inatosha. Kisha nikaifungua nikairudisha. Baba mwingine angekupa. Mimi nimeshindwa. Ukiwa huko nitabaki na mwanangu wa rangi aliyesimama mlangoni, na siwezi kuwatoa wote wawili siku moja. Ipige picha kwa simu yako asubuhi, wakati jua limeingia sebuleni. Siku nitakapoweza, nitaituma, au utaikuta.

Kuna jambo la mwisho halafu nifunge, maana naona umewasha taa na utakuja kuuliza nitakula nini.

Alhamisi nilikuwa natoka mtoni na mtungi wa maji. Nilipofika nyuma ya jikoni nilikusikia ukiimba. Ulikuwa unachambua maharagwe, nilisikia yakigonga sinia, na ulikuwa unaimba ule wimbo wa Kikamba ambao mamako aliuimba kwenye kwaya, ule wa sauti ya pili, na uliuimba kwa hiyo sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza, kama yeye alivyokuwa akijizoeza hapo hapo. Sikuwa nimesikia mtu akiimba katika nyumba hii tangu tumzike mamako. Niliweka mtungi chini taratibu usigonge. Nilisimama hapo nyuma ya ukuta. Ulisahau ubeti wa tatu ukarudia wa pili, na nilitamani nikukumbushe, nikaogopa utanyamaza.

Ulipomaliza nilibeba mtungi, nikazunguka, nikaingia, nikauliza kama kuna chai. Ukasema iko kwa thermos. Nikamimina, nikanywa, nikasema leo jua limekuwa kali.

Nilisikia, Mwaitu. Nilisikia wimbo wote.

Ni mimi,
Baba yako